Wakitucheka, Je, Tunyamaze?





Tangu picha za ufunguzi wa Michezo ya Olimpiki ya Paris zilipoenea katika simu za vijana wetu, Tume hii imepokea maombi si haba ya kuitaka itoe neno. Itakumbukwa kwamba tarehe 26 Julai 2024, katika sherehe zilizofanyika kwenye mto Seine, walionekana wasanii wamejipanga nyuma ya meza ndefu kwa namna iliyowakumbusha Wakristo wengi picha ya Karamu ya Mwisho. Maaskofu wa Ufaransa walionyesha masikitiko yao hadharani, na tarehe 3 Agosti Kiti Kitakatifu nacho kikatoa tamko. Waandaaji walijibu kwamba hawakukusudia kuidharau dini yoyote, na msanii aliyeongoza maonyesho akasema kuwa alichokuwa nacho akilini ni karamu ya miungu ya kale ya Wagiriki. Huku kwetu Kyela, na katika vijiji vya ufukoni kutoka Itungi hadi Matema, walikuwapo viongozi wa jumuiya waliotaka tuandike barua kali. Mmoja alitaka tumshtaki mchekeshaji wa hapa nchini anayemwiga padre akiimba Misa (kusema kweli, humwiga vizuri). Mwingine aliuliza, kwa uchungu usiofichika, kwa nini Wakristo hawaogopwi kama wengine wanavyoogopwa.

Swali hilo la mwisho limetusumbua kuliko picha zenyewe. Maana anayeuliza kwa nini hatuogopwi anatamani tuogopwe. Turudi nyuma hadi Mbagala, Dar es Salaam, mwezi Oktoba 2012. Watoto wawili walibishana juu ya kitabu kitakatifu cha Waislamu, na mmoja wao, aliye Mkristo, akakitendea jambo la aibu. Ijumaa ya tarehe 12 umati wenye hasira ukavamia makanisa, ukavunja na kuchoma. Waliofanya hivyo waliogopwa, hatukatai. Lakini kitabu walichodai kukitetea hakikupata heshima mpya hata chembe kwa moto ule, na Waislamu waungwana walioishi jirani na makanisa yale ndio walioachiwa aibu. Je, hilo ndilo tunalolionea wivu?

Ni kweli kwamba Kanuni ya Adhabu ya nchi yetu, Sura ya 16, inavyo vifungu vinavyokataza kuitukana dini na kusema maneno kwa nia ya kuumiza hisia za kidini za mtu. Vifungu hivyo vina kazi yake pale amani inapohatarishwa. Kuvitumia dhidi ya mchekeshaji, hata hivyo, ni kuikabidhi polisi kazi ya kulinda heshima ya Msalaba, kazi ambayo polisi hawakuumbiwa. Tunapendelea mfano wa Geita. Mwishoni mwa Februari 2023 mtu mmoja alivunja na kuingia katika Kanisa Kuu la jimbo lile, akaharibu vitu vitakatifu. Askofu Flavian Kassala alilifunga kanisa kwa siku 20 za sala na toba, kufuatana na sheria ya Kanisa, kanuni ya 1211, inayoagiza kwamba mahali patakatifu palipokufuriwa pafanyiwe kwanza ibada ya toba. Mtuhumiwa aliachiwa vyombo vya sheria. Hata huku ziwani watu walishangaa, na wengine wakatania: aliyekosa ni mmoja, kwa nini watubu wote? Wenye kuuliza hivyo hawakujua kwamba walikuwa wamegusa kiini cha imani yetu, kwamba yupo asiye na kosa aliyebeba makosa ya wengine. Ni katekisimu gani ingemfikisha mtu mpaka kwenye swali hilo kwa haraka namna ile?

Kuchekwa si jambo jipya kwa wafuasi wa Kristo. Huko Roma, kwenye kilima cha Palatino, mwaka 1857 ulivumbuliwa mchoro uliokwaruzwa ukutani, unaokadiriwa kuwa wa mnamo mwaka 200. Unaonyesha mtu aliyetundikwa msalabani, naye ana kichwa cha punda. Chini yake amesimama kijana ameinua mkono, na maandishi ya Kigiriki yanamsimanga mtu aitwaye Aleksameno kwamba huyo ndiye mungu wake. Mchoro huo ni miongoni mwa picha za kale kabisa za Msalaba zilizobaki duniani, nao ulichorwa na mwenye dhihaka. Mnamo mwaka 197 Tertuliano wa Karthago alikuwa amekwisha kuandika utetezi kwa watawala wa Dola ya Kirumi, akizijibu tuhuma moja baada ya nyingine: kwamba Wakristo huabudu kichwa cha punda, kwamba huchinja watoto na kuwala katika mikutano ya siri, kwamba mafuriko na njaa huletwa na wao kwa kuwa wameiacha miungu ya nchi. Alikuwa na ulimi mkali, na katika hilo hatumshauri mtu amwige. Lakini alijibu. Alidhani kwamba mtawala wa kipagani ana akili, na kwamba akielezwa anaweza kuelewa.

Ile tuhuma ya kula watu ilitokana na habari ya Ekaristi iliyosikika nusu. Na wala isidhaniwe kuwa ni ujinga wa Warumi peke yao. Katika miaka ya 1930, kwa jirani zetu wa Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia, ulienea uvumi juu ya banyama, watu waliodhaniwa kuwawinda wenzao na kuwanyonya damu. Na miongoni mwa walioshukiwa kuhusika walikuwapo Mapadre Weupe. Watu walikuwa wamesikia kwamba wageni hao hunywa damu altareni. Nani angewalaumu kwa kuogopa?

Hapa Unyakyusa nako kulikuwa na kutoelewana kwa namna yake. Wamoravian na Walutheri wa Misioni ya Berlin walifika mwaka 1891, na kwa miaka mingi Mkristo alikuwa mtu wa ajabu kijijini: haendi kwenye tambiko, ana mke mmoja, watoto wake wanasomea misioni. Godfrey na Monica Wilson, wataalamu waliofanya utafiti katikati ya Wanyakyusa kati ya miaka 1934 na 1938, walieleza jinsi tambiko lilivyokuwa shughuli ya jamii nzima, iliyohusu mvua, mazao, uzazi na afya ya wote. Asiyeshiriki alionekana ameacha kuchangia ulinzi wa kijiji. Mzee aliyemnung'unikia Mkristo wa siku zile alikuwa akiwahofia wajukuu wake, na wahubiri waliomjibu kwa kumwita mshenzi hawakumsikia alichokuwa akisema. Yafaa tuitofautishe hofu ya namna hiyo na chuki. Mtu asiyetuelewa ni mtu ambaye bado tunamdai maelezo, au tuseme kwa usahihi zaidi, yeye ndiye anayetudai.

Aidha, kipo kicheko tunachostahili. Tarehe 1 Februari 2020, mjini Moshi, watu 20 walikufa kwa kukanyagana katika mkutano wa injili, wakigombea kupita juu ya mafuta waliyoambiwa yamebarikiwa. Katika msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi nchini Kenya, kuanzia Aprili 2023 ilifukuliwa zaidi ya miili 400 ya wafuasi wa mhubiri mmoja, wengi wao wakiwa wameshinda njaa hadi kufa ili wakutane na Yesu. Mwalimu wa sekondari anapoyataja hayo mbele ya wanafunzi wake na kuuliza kama dini ni kitu cha watu wenye akili timamu, haitoshi kumjibu kwamba hao hawakuwa Wakatoliki. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake ya mwaka 1965 juu ya Kanisa katika ulimwengu wa leo, namba 19, ulikiri kwamba waamini wenyewe wanaweza kuwa na sehemu kubwa katika kuzaliwa kwa ukanaji Mungu, wanapoifundisha imani vibaya au kuishi kinyume chake. Naye Mwalimu Nyerere, alipozungumza na Masista wa Maryknoll huko New York mwezi Oktoba 1970, aliwaonya bila kuuma maneno kwamba Kanisa lisiposhiriki katika kupigana na mifumo inayowafanya watu kuwa maskini, litahesabiwa kuwa upande wa udhalimu. Naye alikuwa Mkatoliki wa Misa ya kila siku. Hata yule kijana wa bodaboda pale kijiweni anayetania kwamba michango ya kanisa huingia mbinguni moja kwa moja bila kupita kwa mhasibu, huyo hakutukana dini. Anauliza hesabu, na wenyeviti wa parokia wazibandike ubaoni.

Sasa tuje kwenye kicheko kinachotuumiza kweli, nacho hakikutoka Paris.

Kamati ya Haki na Amani ya parokia mojawapo, ambayo hatutaitaja, imetusimulia habari ifuatayo. Mjane mmoja alifiwa na mumewe akaachwa na watoto na shamba la kakao. Ndugu za marehemu walidai shamba hilo ni la ukoo, na kwamba mjane ama arithiwe na mmoja wao, ama arudi kwao. Shauri lilipofika mbele ya wazee wa kijiji, mjumbe wa kamati yetu alisimama akaeleza kwamba Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, inampa mwanamke haki sawa na ya mwanamume katika kumiliki ardhi, na kwamba desturi yoyote inayomnyima mwanamke haki hiyo haina nguvu kisheria. Hapo akainuka mtu mmoja akasema: basi, jamani, tumeelewa, Kanisa limeposa mjane, mahari italetwa lini? Mkutano mzima ukaangua kicheko. Hata mjumbe wetu mwenyewe alitabasamu, kama afanyavyo mtu aliyeaibika, akaketi. Shamba likagawanywa.

Tunawaomba wasomaji watulie kidogo kwenye habari hii. Hakuna aliyeijibu hoja ya sheria, wala hakuna aliyesema kwamba kifungu kile hakipo. Mzaha wa maneno machache ulifanya kazi ambayo hoja isingeweza, kwa sababu sisi sote, na wanaume hasa, huogopa kuchekwa hadharani kuliko tunavyoogopa dhambi. Mtindo ni ule ule kwenye mizani. Katekista anayemkanya mfanyabiashara anayenunua kakao ingali mtini, kwa bei ya kutupa, kutoka kwa mzazi aliyebanwa na ada ya shule, ataitwa mlokole. Atakayedai mizani ya ghalani ikaguliwe mbele ya wakulima ataulizwa kama ametumwa na Papa. Watu watacheka, na mizani itabaki ilivyo.

Kwa sababu hiyo tunasema hivi: picha za Paris hazikumnyang'anya mtu wa Kyela kitu chochote. Kicheko cha kijijini kilimnyang'anya mjane shamba. Kristo aliyevikwa joho na taji la miiba, akapigiwa magoti kwa dhihaka, hahitaji sisi tumtetee kwa barua kali. Lakini yule mjane alihitaji mtu mmoja tu ambaye angesubiri kicheko kiishe, kisha aseme tena kile alichokuwa akisema.

Wazee wa Kasumulu na Ipinda waliosikiliza redio mwaka 1992 wanakumbuka jambo linalofanana na hili, ng'ambo ya mto Songwe. Dominika ya kwanza ya Kwaresima, tarehe 8 Machi 1992, katika makanisa Katoliki ya Malawi yote ilisomwa barua ya kichungaji ya maaskofu wa nchi ile. Ilizungumzia heshima ya mwanadamu, pengo kati ya tajiri na maskini, hali ya shule na hospitali, na woga uliowafunga watu midomo chini ya utawala wa chama kimoja wa Rais Kamuzu Banda. Iliandikwa kwa lugha ya upole kabisa. Siku chache tu baadaye maaskofu walikuwa wamekwisha kuitwa na kuhojiwa na polisi. Barua ilitangazwa kuwa ya uchochezi. Na katika mkutano wa viongozi wa chama walikuwapo waliosema wazi kwamba maaskofu hao wauawe. Monsinyori John Roche, Mwairishi aliyekuwa akisimamia Jimbo la Mzuzu, ambalo wakati ule lilifika Karonga, mlangoni petu, alifukuzwa nchini mwezi Aprili. Maaskofu hawakujibu matusi kwa matusi, wala hawakuiondoa barua. Wanafunzi wa Chuo Kikuu waliandamana kuwaunga mkono, na makanisa mengine yakapaza sauti. Tarehe 14 Juni 1993 karibu theluthi mbili ya wapiga kura walichagua mfumo wa vyama vingi, na uchaguzi ukafanyika tarehe 17 Mei 1994. Hatusemi kwamba barua moja ilifanya yote hayo. Tunasema kwamba ilisomwa, na kwamba waliotakiwa kuikana hawakuikana.

Kwetu Tanzania jambo la karibu zaidi ni lile la bandari. Tarehe 10 Juni 2023 Bunge liliridhia makubaliano kati ya Serikali yetu na Dubai yaliyohusu bandari za bahari na za maziwa. Nasi tunaoishi jirani na Itungi na Kiwira hatukuwa watazamaji tu wa mjadala ule. Shauri la wananchi waliopinga lilisikilizwa Mahakama Kuu hapo Mbeya, likatupwa tarehe 10 Agosti. Tarehe 18 Agosti Baraza la Maaskofu Katoliki lilitoa tamko la kuwataka watawala wawasikilize wananchi wasioutaka mkataba huo, na tarehe 20 likasomwa makanisani. Mikataba ya uendeshaji ilitiwa sahihi mwezi Oktoba hata hivyo. Kilichobaki vijijini ni maneno. Wajumbe wa kamati zetu waliitwa wanasiasa wa sakristia. Waliambiwa wana udini. Waliulizwa mbona hawaisemi hati ya makubaliano ya Februari 1992 baina ya Serikali na Makanisa. Wapo walioacha kuhudhuria vikao tangu wakati huo, nasi tunawajua na tunawakosa.

Kuna mchanganyiko wa mambo hapo, na si vema kuyajibu kwa sauti moja. Muumini anaweza kuwa na maoni tofauti na maaskofu juu ya namna bora ya kuendesha bandari bila kupungukiwa na imani, na asiitwe msaliti. Anayesema kwamba tuliipinga Dubai kwa sababu ya dini ya watu wake anatusingizia, lakini aangalie kila mmoja wetu kama hakuna jirani yake aliyesema hivyo kweli, kimoyomoyo au kwenye simu. Na kuhusu hati ya 1992, Mwislamu anayeuliza kwa nini wengine hawakuwamo ana haki ya kujibiwa kwa heshima. Aelezwe kwamba ilihusu huduma za afya na elimu zinazoendeshwa na Makanisa, kwamba ndiyo iliyozaa Tume ya Kikristo ya Huduma za Jamii, na kwamba Hospitali ya Kilutheri pale Matema haimwulizi mgonjwa dini yake mlangoni. Akiendelea kuuliza, aendelee kujibiwa. Mtume Petro, katika waraka wake wa kwanza, sura ya 3, alitaka Wakristo wawe tayari daima kueleza sababu ya tumaini lao, tena kwa upole. Hakuweka kikomo cha mara ngapi.

Viongozi wa jumuiya ndogondogo walioomba nakala za tamko la 2023 watazipata kwa makatekista. Lisomwe lote, si vile vipande vilivyosambazwa kwenye simu, na yeyote mwenye pingamizi, awe Mkatoliki au jirani aliyekaribishwa, apewe nafasi ya kwanza kusema.

Ama kamati ile iliyotusimulia habari za mjane, imetuuliza kama irudi kijijini au iliache jambo lilivyo. Irudi. Waende watu watatu badala ya mmoja, na angalau mmoja awe mwanamke. Wachukue nakala ya sheria iliyoandikwa kwa Kiswahili. Wawasalimu wazee kwa Kinyakyusa na kwa unyenyekevu unaostahili umri wao, wamsalimu pia yule bwana wa mahari. Akitania tena, wacheke naye kidogo. Kisha wafungue ukurasa wasome. Na kama kikao hakitabadili uamuzi wake, mama huyo asindikizwe hadi Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, na gharama za safari zitatoka katika mfuko wa Tume.